Studio ya Mtumba Nyumbani: Pima Kabla ya Kulipa, Tunza Wimbo Baada ya Kurekodi

Mtunzi wa nyimbo anayeishi Kayanga, Omurushaka, Nkwenda au Murongo halazimiki tena kusafiri hadi Mwanza au Dar es Salaam ili sauti yake irekodiwe. Kompyuta mpakato, maikrofoni, saundi kadi ya nje, hedifoni na kebo chache zinatosha kurekodi wimbo ambao kituo cha redio kinaweza kuupiga. Vifaa hivyo vikiwa vipya bei yake huwa juu, hivyo wengi hununua vya mtumba. Hapo ndipo fedha nyingi hupotea, tena kabla mtunzi hajaimba hata ubeti mmoja.

Baada ya kulisoma somo hili, msomaji ataweza:

(a) kuchagua vifaa vinavyohitajika kwa wimbo wake na kuacha visivyohitajika;
(b) kupima kifaa cha mtumba mbele ya muuzaji;
(c) kudai na kutunza ushahidi wa mauziano;
(d) kurekodi katika nyumba ya kawaida kwa utulivu;
(e) kulinda haki yake katika wimbo alioutunga.

1. Kwa nini mtumba unahitaji uangalifu wa pekee

Kifaa cha mtumba kimepita mikononi mwa watu wengi. Huenda kilitoka katika studio iliyofungwa mjini, katika nyumba ya ibada iliyobadilisha mitambo yake, au katika shehena iliyotoka Japani, Ulaya au Falme za Kiarabu. Kila aliyekishika anajua sehemu tu ya historia yake, na wa mwisho hana sababu ya kusimulia ubovu anaoujua.

Umbali nao huongeza hasara. Mnunuzi wa Kyerwa aliyeuziwa kifaa kibovu jijini anaweza kutumia nauli na siku nyingi kuliko thamani ya kifaa chenyewe ili amfuate muuzaji. Zaidi ya hayo, kaya nyingi za wilaya hizi hupata fedha za mkupuo katika msimu wa kahawa. Fedha hiyo ikipotea katika mashine iliyokufa, nafasi nyingine huenda isipatikane hadi msimu ujao. Haki ya mlaji ipo kisheria, lakini kinga iliyo rahisi zaidi ni ile inayotumika kabla fedha hazijatoka mfukoni.

2. Anza na wimbo, si na kifaa

Jiulize kwanza wimbo wako una nini. Sauti moja na enanga? Kwaya ya watu wanane? Gitaa na ngoma? Mwimbaji anayejipigia enanga anaweza kurekodi ala kwanza, kisha sauti, kisha viitikio, kila kimoja katika traki yake, kwa maikrofoni moja tu. Kazi ya namna hiyo haihitaji mikisa kubwa yenye vitufe vingi. Aidha, mikisa nyingi za zamani zenye tundu la USB hupeleka kwenye kompyuta njia mbili tu za sauti, hata kama zina matundu 12 ya kuingizia. Mnunuzi asiyeuliza hilo hulipia ukubwa asioweza kuutumia.

Kuhusu maikrofoni, zipo aina mbili zinazopatikana kwa wingi. Maikrofoni ya dainamiki ni ngumu, huvumilia kuanguka na haipokei sana sauti za mbali. Kwa nyumba yenye watoto, kuku na barabara karibu, hiyo ndiyo salama zaidi. Maikrofoni ya kondensa husikia kwa undani zaidi, lakini huharibiwa na unyevunyevu na, kwa kawaida, huhitaji umeme wa volti 48 unaotoka kwenye saundi kadi kupitia kebo. Ukinunua kondensa ya namna hiyo pamoja na saundi kadi isiyotoa umeme huo, utakuwa umenunua vitu viwili vizima visivyoweza kufanya kazi pamoja.

*Mfano.* Tuchukulie kwamba mnunuzi ana Sh 700,000 na tayari ana kompyuta. Asizimalize zote kwa vifaa vikuu. Atenge Sh 100,000 kwa kebo, stendi, adapta na diski ya kuhifadhia nakala, na Sh 50,000 kwa nauli ya kwenda kukagua. Bajeti yake ya kweli kwa maikrofoni, saundi kadi na hedifoni ni Sh 550,000. Anayeijua hesabu hii mapema hashawishiki kwa urahisi anapoambiwa, "Ongeza kidogo tu."

3. Soma kibandiko cha umeme kwanza

Umeme wa majumbani Tanzania ni volti 230. Vifaa vilivyotengenezwa kwa ajili ya soko la Japani hutumia volti 100, na vya Marekani volti 120. Kifaa cha volti 100 kikichomekwa moja kwa moja ukutani hupokea zaidi ya mara mbili ya umeme wake, nacho huweza kuungua papo hapo. Kwa hiyo, kabla ya kuuliza bei, geuza kifaa au adapta yake usome maandishi:

- "100–240V": kinafaa hapa bila kubadilishwa.
- "220–240V" au "230V": kinafaa.
- "100V" au "120V" peke yake: kinahitaji transfoma ya kushusha umeme, na gharama yake ihesabiwe katika bei.
- Swichi ya "115/230" nyuma ya kifaa: hakikisha imewekwa 230 kabla ya kuwasha.

Transfoma iwe na uwezo unaozidi mahitaji ya kifaa. Kwa kifaa cha wati 60, kwa mfano, tafuta ya wati 100. Kama kifaa kimepoteza adapta yake, usikubali adapta yoyote inayoingia tunduni. Volti, aina ya umeme na mpangilio wa chanya na hasi lazima vilingane na maandishi ya kifaa, nazo ampea zisipungue zile zilizoandikwa.

Nyumba zinazotumia umeme wa jua zina tahadhari yao. Baadhi ya inveta za bei nafuu huingiza mngurumo katika sauti. Dawa rahisi ni kuchaji kompyuta mapema, kisha kurekodi kwa betri yake huku inveta ikiwa imezimwa, ikiwa saundi kadi inapata umeme wake kutoka kwenye kompyuta.

4. Pima kifaa mbele ya muuzaji

Nenda na kompyuta yako iliyokwisha kuwekewa programu ya kurekodia, hedifoni unazozifahamu na kebo unayoiamini. Programu ya Audacity hupatikana bila malipo na inatosha kwa majaribio. Muuzaji mwaminifu atakupa muda. Anayekukataza kujaribu amekwisha kukujibu.

*Maikrofoni.* Tazama wavu wake kama una kutu. Rekodi nusu dakika ya ukimya, kisha sema kwa sauti ndogo, kisha imba kwa nguvu. Tikisa kebo polepole. Sauti ikikatika, badilisha kebo ujue ubovu uko wapi. Jihadhari na majina makubwa yanayouzwa kwa bei ndogo. Kwa mfano, Shure SM58, iliyoingia sokoni mwaka 1966, ni miongoni mwa maikrofoni zinazoigwa sana. Iliyo halisi ina uzito wa takriban gramu 300, na nyingi za bandia ni nyepesi au zina maandishi yasiyonyooka. Ukiweza, ilinganishe na iliyothibitishwa. Bidhaa bandia haigeuki kuwa halisi kwa sababu tu imetumika.

*Saundi kadi.* Jaribu kila tundu, lisibaki hata moja. Zungusha kila kitufe taratibu. Kikikwaruza sauti, kimechakaa. Rekodi dakika 10 mfululizo uone kama inakatika. Kabla ya safari, uliza jina kamili la kifaa, kisha angalia katika tovuti ya mtengenezaji kama kinakubali mfumo wa kompyuta yako. Saundi kadi nyingi za zamani hutumia waya wa FireWire, ambao kompyuta nyingi za siku hizi hazina tundu lake. Kifaa cha namna hiyo kinaweza kuwa kizima kabisa na bado kisikufae.

*Spika na hedifoni.* Sikiliza kila upande peke yake, kwanza kwa sauti ndogo. Chunguza ukingo wa spika kama umepasuka. Iache iwake kwa nusu saa, kisha inusie kama kuna harufu ya kuungua.

*Kinanda.* Bonyeza kila kidole cha kinanda, kwa wepesi na kwa nguvu. Vidole vya katikati ndivyo huchoka kwanza.

*Kompyuta.* Izime na kuiwasha upya mbele yako. Hakikisha haina nenosiri la kampuni au mtu mwingine, hata katika mipangilio ya ndani inayoonekana kabla mfumo haujawaka. Chomoa chaja upime betri. Usiongezewe bei kwa sababu ya "programu za studio zilizomo": programu iliyovunjwa kufuli haikupi haki yoyote, na mara nyingi hubeba virusi. Ukikuta nyimbo za watu wengine zimebaki ndani, hukuzinunua. Zirudishe kwa mwenyewe au uzifute.

5. Mali bila daftari hupotea bila habari

Dukani, dai risiti ya EFD. Risiti iandikwe aina ya kifaa, jina la mtengenezaji na namba yake ya utambulisho, wala isitosheke na neno "vifaa". Omba maelezo ya muuzaji yaandikwe pia: "kimejaribiwa, kinafanya kazi", "upande wa kulia haufanyi kazi", au "dhamana siku 14".

Ununuzi kwa mtu binafsi unahitaji maandishi zaidi, kwa sababu sheria za kumlinda mlaji huwabana hasa wale wanaofanya biashara. Andikeni hati ya mauziano yenye majina kamili, namba za vitambulisho, namba za simu, namba ya kifaa, bei, tarehe na saini za pande zote mbili pamoja na mashahidi. Wengi huandikiana mbele ya mwenyekiti wa kitongoji au wa mtaa, na ni desturi njema. Ndani ya hati muuzaji atamke kwamba mali ni yake na ameipata kwa njia halali.

Tamko hilo si la mapambo. Kwa kanuni ya Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, asiye na umiliki hawezi kumpa mwingine umiliki. Kifaa kilichoibwa kanisani au shuleni kinaweza kurudishwa kwa mwenyewe hata kama ulikilipia, na kupokea mali ya wizi huku ukijua ni kosa la jinai. Namba ya utambulisho iliyokwanguliwa ni sababu tosha ya kuondoka.

6. Kununua kwa mbali na kuvuka mpaka

Usitume fedha zote kwa mtu uliyemwona mtandaoni pekee. Mwombe apige picha ya video kifaa kikifanya kazi, namba yake ikionekana, huku akitaja jina lako na tarehe ya siku hiyo. Kama una ndugu au rafiki katika mji huo, yeye ndiye akipime na kulipa. Lipa kwa namba ya biashara inayoonyesha jina la duka, nawe utunze ujumbe wa muamala. Kifurushi kinachopakiwa kwenye basi kipatiwe stakabadhi inayotaja kilichomo na thamani yake, kisha ukifungue mbele ya wakala unapokipokea.

Wakazi wa Murongo na vijiji vya mpakani huvutwa na masoko ya Uganda. Ieleweke kwamba nafuu ya ushuru ndani ya Jumuiya ya Afrika Mashariki hutolewa kwa bidhaa zilizozalishwa katika nchi wanachama. Saundi kadi iliyotengenezwa China au Japani haigeuki kuwa bidhaa ya Jumuiya kwa kupitia Kampala. Uliza forodha kiasi cha kodi kabla ya kununua, na utunze karatasi zake. Bila hizo, kifaa kinaweza kukamatwa, nawe utapata shida kukiuza baadaye.

7. Kurekodi katika nyumba ya kawaida

Chumba kizuri ni kidogo, chenye vitu vinavyonyonya sauti: godoro lililosimamishwa ukutani, mablanketi, nguo zilizotundikwa, hata magunia yaliyojaa. Chumba kitupu chenye sakafu ya saruji hutoa mwangwi ambao ni vigumu kuuondoa baadaye. Bati ndilo adui mkubwa. Mvua ikianza, simamisha kazi. Usiku wa manane au alfajiri, wakati kijiji kimetulia, hufaa kuliko mchana.

Weka maikrofoni umbali wa shubiri moja kutoka mdomoni, ikielekea pembeni kidogo ili pumzi isiigonge. Enanga, ala ya nyuzi iliyochongwa katika mti, ina sauti ya upole. Isogelee kwa uangalifu ukitafuta mahali ambapo nyuzi na mwili wa ala husikika pamoja. Imba sehemu yenye nguvu kuliko zote huku ukitazama kipimo cha programu, na uache kilele kiishie kati ya desibeli −12 na −6. Sauti iliyorekodiwa chini kidogo inaweza kuinuliwa. Iliyopasuka haishoneki.

Rekodi kwa biti 24 na kilohezi 48. Kila dakika ya traki moja itachukua takriban megabaiti 8.6. Wimbo wa dakika 4 wenye traki 10 utachukua takriban megabaiti 346, bila kuhesabu marudio. Kwa hiyo panga nafasi ya diski mapema, na kila jioni nakili kazi mahali pawili tofauti. Kompyuta ya mtumba hufa bila kuaga.

Wimbo ukikamilika, usikilize kwa hedifoni, kwa simu na kwa redio ndogo ya nyumbani kabla ya kuupeleka popote, kwani wasikilizaji wako watausikia kwa vyombo hivyohivyo.

8. Wimbo wako ni mali

Mkoa wa Kagera unajua thamani ya wimbo wa nyumbani. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nyimbo za Saida Karoli, zilizoimbwa kwa Kihaya, zilienea Tanzania nzima na kuvuka mipaka. Mwaka 2016 Diamond Platnumz na Rayvanny walitoa "Salome", wimbo uliojengwa juu ya "Maria Salome" wa Saida Karoli. Wimbo unaweza kupata uhai mpya baada ya miaka mingi, na siku hiyo swali la kwanza huwa ni nani mwenye haki na ana ushahidi gani.

Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki Na. 7 ya 1999 humlinda mtunzi tangu kazi inapoundwa, katika uhai wake wote na miaka 50 baada ya kifo chake. Kusajili kazi katika Ofisi ya Hakimiliki Tanzania (COSOTA) hakuzai haki hiyo, bali huimarisha ushahidi wake. Tunza rasimu za mashairi, mafaili ya awali yenye tarehe, na karatasi fupi inayotaja nani alitunga maneno, nani lahani, nani alipiga ala, na mapato yatagawanywaje. Iandikeni kabla ya kurekodi, maana undugu huwa na nguvu zaidi wakati hakuna fedha mezani.

Kama lahani umeichota katika ngoma au masimulizi ya wazee wa Kinyambo, usiiite utunzi wako. Sheria hiyohiyo inalinda sanaa za jadi za jamii. Muulize afisa utamaduni wa halmashauri au Baraza la Sanaa la Taifa (BASATA) kuhusu kibali kabla ya kuitumia kibiashara. Vilevile, mdundo uliopakuliwa mtandaoni una mwenyewe. Soma masharti yake.

9. Ukiuziwa kifaa kisicholingana na maelezo

Acha kukitumia na usikifungue kwa bisibisi. Piga picha na kurekodi hitilafu. Mjulishe muuzaji kwa maandishi mapema, hata kwa ujumbe wa simu, ukitaja unachotaka: kutengenezewa, kubadilishiwa au kurudishiwa fedha, na siku ya mwisho ya kujibu.

Sheria ya Ushindani Na. 8 ya 2003 inakataza mfanyabiashara kumpotosha mlaji kuhusu ubora, hali au historia ya bidhaa. Maneno "mali ikishauzwa hairudishwi" hayahalalishi uongo uliosemwa wakati wa kuuza. Hata hivyo, kasoro uliyoonyeshwa wazi na ukapunguziwa bei kwa ajili yake huwezi kuidai baadaye.

Muuzaji akikataa, peleka malalamiko Tume ya Ushindani (FCC), ambayo pia hushughulikia bidhaa bandia chini ya Sheria ya Alama za Bidhaa ya 1963. Afisa biashara wa halmashauri anaweza kusaidia usuluhishi. Madai madogo ya fedha hufunguliwa Mahakama ya Mwanzo. Palipo na wizi au utapeli, nenda polisi. Kote huko utaulizwa jambo moja: karatasi ziko wapi?

Maswali ya kujipima

1. Spika imeandikwa "AC 100V, 40W". Utahitaji nini ili uitumie Karagwe, nawe utaijadilije bei yake?
2. Kwa nini maikrofoni nzima na saundi kadi nzima zinaweza kushindwa kufanya kazi pamoja?
3. Jirani anakuuzia kinanda bila risiti, akisema alipewa na rafiki. Taja mambo manne yatakayoandikwa katika hati ya mauziano kabla ya kulipa.
4. Wimbo wa dakika 5 wenye traki 8 utachukua takriban megabaiti ngapi?
5. Wewe umetunga maneno, na rafiki yako ametunga lahani. Andikeni pamoja, kwa sentensi tatu, makubaliano yenu.